Maswali ya Wasomaji: Mama Mmoja, Namba Tatu za Uanachama

Mwezi huu barua nyingi za mifumo zimegusa kitu kimoja, rekodi kujirudia kwenye databesi, kwahiyo nimechukua tatu. Ya kwanza nimekaa nayo sana maana ina hela za watu ndani.

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni kijana niko Mwanga hapa Kigoma mjini, PHP (lugha ya programu) na MySQL (databesi) nimejifunza mwenyewe. Nimewatengenezea mfumo akina mama wa kikundi kinachouza dagaa pale Kibirizi, wanaweka akiba na kukopeshana. Kabla ya kusajili mtu programu yangu inatafuta kwanza kama namba yake ya simu ipo, kama haipo ndo inaingiza. Sasa kuna mama mmoja kaingia mara tatu, dakika ileile, na michango yake imesambaa kwenye hizo namba tatu. Kwenye kikao cha juzi akaambiwa hajafikisha akiba ya kukopa wakati anayo kabisa, akalia mbele za wenzake. Nimepitia programu mara mia sioni kosa. Ninachojua ni kwamba netiweki ikiwa nzito karani anabonyeza Hifadhi mara mbili mara tatu. Je nikikizima kile kitufe baada ya kubonyezwa mara moja itatosha?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, pole hasa kwa huyo mama. Programu yako ukiisoma mstari kwa mstari haina kosa ndo maana hulioni. Kosa liko kwenye muda unaopita kati ya mstari wa kuuliza na mstari wa kuandika.

Chukulia hapohapo mwaloni. Makarani wawili wanatumia daftari moja na wote wameambiwa, kabla hujaandika jina angalia kama lipo. Karani wa kwanza anaangalia jina la mama, hamna, anageuka kuchukua kalamu. Kabla hajarudi, wa pili nae kaletewa karatasi ya mama yuleyule, anaangalia, hamna, na ni kweli hamna maana mwenzake hajaandika bado. Wote wameangalia, wote wamefuata utaratibu, na wote wanaandika. Kwenye seva ni hivyohivyo, ukibonyeza Hifadhi mara tatu yanaenda maombi matatu na seva inahudumia kila moja kivyake, SELECT, yaani amri ya kuuliza, ya kwanza inajibiwa hayupo, ya pili hayupo, ya tatu hayupo, alafu INSERT tatu, amri za kuandika, zinafuatana. Nyumbani kwako huwezi kuliona hilo kwasababu uko peke yako na unabonyeza mara moja ukiwa umetulia, litatokea Kibirizi siku maboti yameingia na foleni imefika barabarani.

Kuzima kitufe kuzime, inapunguza, ila haitoshi. JavaScript, ile programu ya kwenye kioo inayozima kitufe, inaweza isifike kwa netiweki hiyohiyo mbovu, karani anaweza akafungua fomu kwenye tabo mbili, au akapakia upya ukurasa na fomu ikaenda tena. Hiyo ya kupakia upya ina dawa yake ya siku nyingi: ukishahifadhi usimuonyeshe majibu palepale, mpeleke ukurasa mwingine kwa jibu namba 303, hata akipakia upya mara kumi anapakia ukurasa wa kusoma tu.

Mlinzi mwenyewe anakaa kwenye databesi. Maombi yote yatapita pale, yatoke kwenye fomu, kwenye simu, kwenye faili la Excel uliloingiza usiku, na databesi ndo inaweza kuangalia na kuandika kwa pamoja bila mwingine kupenya katikati. Kila mstari wa jedwali uwe na kitu kinachoutambulisha peke yake, hilo wazo lilikuwepo toka Edgar Codd wa IBM alipotoa makala yake ya 1970 ambayo databesi hizi za majedwali zote zimetokea humo. Kwako wewe, tuanze na simu kama ulivyoifanya ila huko chini nitabadili, ni amri fupi tu:

ALTER TABLE wanachama ADD UNIQUE (simu);

UNIQUE maana yake thamani isijirudie kwenye kolamu hiyo. Amri hiyo ukiiandika leo itakataa, kwasababu marudio tayari yamo. Safisha kwanza, namna ya kusafisha nimeieleza kwenye barua ya tatu huko chini. Ukikutana na mafunzo ya zamani yanakwambia tumia ALTER IGNORE TABLE eti itafuta marudio yenyewe, achana nayo, MySQL waliiondoa toka toleo la 5.7, na hata ingekuwepo mi nisingekubali mashine ichague mstari upi wa akiba ya mtu ndo ufutwe.

Ukishaweka UNIQUE, ombi la pili litarudishwa na kosa namba 1062. Hapa vijana wengi wanaishia njiani, kosa linatoka zimazima kwenye kioo cha karani kwa Kiingereza, karani anashtuka, anabonyeza tena. Likamate. Ukiliona 1062 nenda katafute yule mwanachama aliyepo, mwonyeshe karani jina na namba yake, useme huyu tayari yupo, ndiye? Anayetumia PostgreSQL, databesi nyingine, atafute alama 23505, ni jambo lilelile.

Kuna njia tatu za mkato utazisikia na nataka uzitofautishe. INSERT IGNORE inanyamazisha marudio lakini inanyamazisha na makosa mengine, jina refu linakatwa na hakuna anayejua, kwenye mfumo wa hela siipendi kabisa. REPLACE ndo ya kuogopa zaidi, haibadilishi mstari, inaufuta wa zamani na kuingiza mpya, na kama michango umeifunga na mwanachama kwa ON DELETE CASCADE, yaani mwanachama akifutwa na vyake vifutwe, basi michango yote ya huyo mama inaondoka nae kimyakimya. Ya tatu, INSERT ... ON DUPLICATE KEY UPDATE, hiyo ni salama ukijua unachokibadilisha, mfano kusahihisha anwani yake. PostgreSQL wana ON CONFLICT toka toleo la 9.5 la mwaka 2016 na inafanya kazi hiyo vizuri.

Sasa tuje kwenye hiyo simu yenyewe maana naona ndo umeifanya kitambulisho. UNIQUE inalinganisha herufi kwa herufi, haijui kwamba namba inayoanza na 0, inayoanza na 255 na inayoanza na +255 ni laini moja, kwahiyo mama yuleyule ataingia mara tatu tena kihalali kabisa na UNIQUE yako imesimama pale mlangoni inaangalia. Kabla ya kuhifadhi ondoa nafasi na vistari, igeuze iwe na umbo moja, mi napenda la +255. Ihifadhi kama maandishi siyo kama tarakimu, ukiifanya tarakimu sufuri ya mbele inapotea. Ila usikimbilie kubandika +255 kwa kila mtu, wewe uko Kigoma bana, hapo kuna wafanyabiashara wa kutoka Bujumbura wenye laini za 257 na wa Kalemie na Uvira wenye 243. Weka sehemu ya kuchagua nchi kwenye fomu.

Na wasio na simu? Fomu ukiiacha wazi PHP inapokea maandishi matupu, siyo NULL, yaani hakuna kitu kabisa. Kwa MySQL maandishi matupu nayo ni thamani, kwahiyo mama wa kwanza asiye na simu ataingia, wa pili ataambiwa tayari yupo, na karani hataelewa kwanini. Geuza matupu yawe NULL kabla ya kuhifadhi, NULL zinaruhusiwa nyingi kwenye UNIQUE.

Lakini mi ningeenda mbali zaidi nikuulize, una uhakika simu moja ni mtu mmoja? Pale mwaloni mama na binti yake wanaweza kutumia simu moja na wote ni wanachama halali. Hilo kompyuta haitakujibu. Nenda Kibirizi kaa na katibu wao muulize, nyie mnajuaje kwamba huyu ni yule? Watakwambia kuna kadi ya kikundi yenye namba. Basi hiyo namba ya kadi ndo UNIQUE yako na haikubali kuwa wazi. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 iweke nayo UNIQUE lakini ruhusu NULL maana siyo wote wanayo mkononi. Simu ibaki bila UNIQUE, ikifanana toa onyo tu, karani aamue.

Kuna shimo lingine hukuuliza ila lazima nikwambie, michango. Ombi likienda mara mbili huko ni hela imeandikwa mara mbili. Usije ukaweka UNIQUE kwenye mwanachama, tarehe na kiasi, kwasababu mama anaweza kuleta 5,000 asubuhi baada ya kuuza na 5,000 nyingine jioni, na zote ni zake. Dawa ni kuipa kila fomu inayofunguka alama yake. Kwenye PHP kuanzia toleo la 7 andika bin2hex(random_bytes(16)), utapata herufi 32 za nasibu, zifiche ndani ya fomu, alafu kwenye jedwali la michango ongeza kolamu ya tokeni yenye UNIQUE. Fomu moja ikitumwa mara tano tokeni ni ileile, ya kwanza inaingia, nne zinagonga mwamba, na wewe unamwonyesha karani risiti ya ile ya kwanza kama kawaida. Asubuhi na jioni ni fomu mbili, tokeni mbili, michango miwili. Na kama mchango umekuja kwa simu tumia namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe, ukiiunganisha na jina la mtandao: UNIQUE (mtandao, namba_muamala).

Mi nimewahi kuliona hili huku Tabora kwenye chama kimoja cha wakulima wa tumbaku, mfumo siyo mimi niliyeutengeneza ila niliitwa kuangalia. Mzee mmoja alikuwa na rekodi mbili, mbolea ikatolewa kwa rekodi moja, alipokuja mwenyewe akaambiwa umeshachukua. Alikuwa ametembea toka usiku. Kila ninapoandika UNIQUE namkumbuka.

SWALI: Mwanangu wa jaridani, hujambo. Sisi ni wafuga nyuki huku Sikonge, kikundi chetu kimewekewa mfumo wa kuandikisha wanachama na mizinga. Nina wanangu mapacha, Kulwa na Doto kama mapacha wote wa huku. Kulwa aliandikishwa, Doto alipokwenda mfumo ukasema yupo tayari, ukamkataa. Fundi anasema ameweka ulinzi wa marudio, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na kijiji visifanane. Sasa mwanangu asipate uanachama kwa kuzaliwa siku moja na ndugu yake?
Mama, Sikonge, Tabora

JIBU: Shikamoo mama. Doto ana haki yake na fundi amekosea, ingawa nia yake ilikuwa njema. Kwenye mkoa ambao kila kijiji kina Kulwa na Doto, kanuni ya namna hiyo inagoma siku ya kwanza. Mwambie vitu hivyo vitatu vinafaa kumfanya karani asimame na kuuliza, havifai kumkatalia mtu.

Naomba niongee na fundi wako kidogo hapa. Mdogo wangu, kuna marudio ya kukataa na marudio ya kutilia shaka. Namba ya kadi ikijirudia, kataa. Jina na tarehe vikifanana, onyesha karani rekodi zinazofanana, alafu yeye amuulize mtu aliye mbele yake, na akisema huyu ni mwingine mfumo umwandike na ukumbuke nani aliidhinisha.

Na usitafute msaada kwenye jina peke yake. Kuna kanuni inaitwa Soundex, imo ndani ya MySQL, ina hataza ya Marekani ya mwaka 1918, ilitengenezwa kwa majina yanavyosikika kwa Kiingereza. Ramadhan na Ramadhani inawapa alama moja, R535, hapo sawa. Ila herufi ya kwanza huwa haiigusi, kwahiyo Hamisi anakuwa H520 na Khamisi K520, mtu mmoja huyo mara nyingi na kwake ni wawili. Nyingine ni ya kuhesabu herufi ngapi zibadilike ili jina moja liwe lingine, aliitoa Levenshtein 1965. Hamisi na Khamisi zinatofautiana herufi moja, safi kabisa, mpaka ukutane na Asha na Aisha, nao wanatofautiana herufi moja na ni dada wawili wanakaa nyumba moja. Hizi kanuni zitumie kuleta orodha ya kuangaliwa na mtu, basi. Mwenye kujua Asha siyo Aisha ni katibu wa kijiji.

Na wewe mama, leo usimsubiri fundi. Mwambie katibu amwandike Doto kwenye daftari na ampe namba yake ya kadi, na mizinga yake isiandikwe kwa jina la Kulwa hata kwa muda, ikishachanganyika asali ikipimwa kuja kuitenganisha ni kazi.

SWALI: Kaka, nina jedwali la wateja wa duka letu la vipuri hapa Kasulu, kila mstari una id yake inayojiongeza yenyewe lakini wateja wamejirudia kibao. Si id ilitakiwa izuie? Na je nifute tu zile za nyuma nibakize ya kwanza?
Fundi mwanagenzi, Kasulu

JIBU: Id ya kujiongeza inahakikisha mistari haina namba moja, haihakikishi watu ni tofauti, mteja yuleyule akija mara tatu anapewa id tatu mpya na databesi imeridhika. Kwahiyo unahitaji id na pia UNIQUE kwenye kitu halisi cha mteja.

Usifute, tafadhali. Mstari wa mteja una mauzo na madeni yanayouelekea, ukifuta ule wa pili na deni lilikuwa limeandikwa kwake umefuta deni. Chukua bekapu kwanza kwa mysqldump, programu ya MySQL yenyewe, alafu irudishe kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka kweli, bekapu ambayo hujawahi kuifungua usiitegemee. Mfumo ufungwe usiku watu wasiingize kitu unapofanya kazi.

Kabla ya kutafuta, simu zote ziweke kwenye umbo moja kama nilivyomwambia mwenzako wa Mwanga, vinginevyo utaona marudio machache kuliko yaliyopo. Kisha:

SELECT simu, COUNT(*) FROM wateja GROUP BY simu HAVING COUNT(*) > 1;

Zitakuja namba na idadi. NULL nazo zitakuja zimejikusanya mstari mmoja, hao siyo marudio, waruke. Orodha hiyo ichapishe kwenye karatasi na ukae na mwenye duka, mstari kwa mstari, kwasababu yeye anawajua wateja kwa sura na wewe huna sura kwenye jedwali. Kwa kila kundi mchague mmoja wa kubaki. Tuseme anabaki 12 na 87 ni rudio lake, unahamisha kila kinachomwelekea 87, vyote kwa pamoja au kisihame hata kimoja:

START TRANSACTION;
UPDATE mauzo SET mteja_id = 12 WHERE mteja_id = 87;
UPDATE madeni SET mteja_id = 12 WHERE mteja_id = 87;
UPDATE wateja SET ameunganishwa_na = 12, simu = NULL WHERE id = 87;
COMMIT;

Kolamu ya ameunganishwa_na utakuwa umeiongeza mwenyewe kabla. Mstari wa 87 unabaki, hauonekani kwenye orodha za kawaida ila akija mtu na risiti ya zamani yenye namba 87 unajua umpeleke wapi, na simu tumeiondoa ili isigombane na UNIQUE utakayoweka. Kama simu mbili zilikuwa tofauti andika ile ya pili kwenye maelezo ya 12 usiipoteze. Hakikisha majedwali ni InnoDB, aina ya hifadhi ndani ya MySQL, ndo kawaida toka MySQL 5.5, ila mfumo wa zamani unaweza kuwa na MyISAM na huko START TRANSACTION haifanyi chochote, umeme ukikatika katikati unabaki na nusu ya kazi.

Kabla ya COMMIT, amri ya kuthibitisha, ya kila kundi jumlisha madeni yote ya duka na ulinganishe na jumla uliyoiandika kabla hujaanza, zikipishana hata shilingi moja andika ROLLBACK, irudi ilivyokuwa, utafute kwanza. Ukimaliza makundi yote weka UNIQUE usiku huohuo, usiseme kesho, asubuhi karani wa kwanza akifungua duka marudio yanaanza upya. Na kijana wa Mwanga, wewe ukishamaliza hatua hizihizi chapisha taarifa ya akiba ya yule mama, uende nayo kwenye kikao kijacho uisome mbele ya walewale waliokuwepo.